Maxamed Siyaad Barre: Mtawala, Alfabeti na Jina

Katika mtaa wa Galbet mjini Garissa, jina la mtu huwa na sura mbili. Nyumbani hutamkwa Kisomali. Katika cheti cha kuzaliwa, daftari la shule na kitambulisho huandikwa kwa mazoea ya Kiingereza. Anayeitwa Maxamed kwa tahajia ya Kisomali husajiliwa Mohamed, naye Cabdi huwa Abdi. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ndani yake mna maisha ya mtawala wa kijeshi aliyewapa Wasomali alfabeti rasmi, ilhali yeye mwenyewe ulimwengu wamfahamu kwa tahajia nyingine: Siad Barre.

Kwa mila ya Wasomali, hakuna jina la ukoo mfano wa lile la Waingereza. Mtu huitwa kwa jina lake, likafuatwa na la baba yake, kisha la babu yake. Kwa desturi hiyo, Maxamed ndilo lililokuwa jina lake hasa. Magazeti ya Kiingereza yalipomtaja kwa neno Barre peke yake, yalishika jina la babu na kuliacha la mjukuu. Mkasa unaokaribiana na huo ulimpata Jenerali Park Chung-hee wa Korea Kusini, aliyetwaa mamlaka kwa mapinduzi mwaka 1961 na kuuawa mwaka 1979. Kwa Wakorea jina la ukoo hutangulia, nayo tahajia ya Kiingereza ililitia jina Park herufi r isiyotamkwa katika Kikorea.

Maxamed Siyaad alizaliwa takriban mwaka 1919. Kumbukumbu rasmi zilitaja mji wa Garbahaarreey, ingawa wengi husimulia kwamba alizaliwa karibu na Shilaabo, katika Ogaden iliyo Ethiopia. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akakulia katika maisha ya wafugaji. Aliingia katika polisi ya wakoloni, akapanda vyeo chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza, kisha akapata mafunzo nchini Italia. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, alikuwa miongoni mwa viongozi wa jeshi jipya, na mwaka 1965 akawa mkuu wake. Bendera ya taifa hilo ilikuwa na nyota ya pembe tano, na pembe moja iliwakilisha eneo la kaskazini mashariki mwa Kenya, Garissa ikiwamo.

Tarehe 15 Oktoba 1969 Rais Cabdirashiid Cali Sharma'arke aliuawa kwa risasi huko Laascaanood. Siku sita baadaye jeshi likatwaa nchi. Bunge lilivunjwa, vyama vikapigwa marufuku, na Jenerali Maxamed Siyaad akawa kiongozi wa Baraza Kuu la Mapinduzi. Raia waliagizwa kuitana jaalle, yaani ndugu mwenzi, naye akawa Jaalle Siyaad. Faraghani watu walimwita Afweyne, mwenye kinywa kikubwa. Katika Kisomali neno af ni kinywa na ni lugha pia. Hivyo jina hilo la dhihaka lilimwafiki kuliko waliolibuni walivyodhani.

Kwa muda mrefu Wasomali walibishana kuhusu maandishi. Wengine walitaka ya Kiarabu, wengine ya Osmanya yaliyobuniwa na Cismaan Yuusuf Keenadiid, na wengine ya Kilatini. Serikali za kiraia zilishindwa kuamua. Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya kijeshi ilitangaza alfabeti ya Kilatini iliyotokana na kazi ya Shire Jaamac Axmed. Herufi x na c zilipewa sauti za kooni zitokazo katika majina mengi ya Kiislamu, na irabu ndefu zikaandikwa maradufu. Mwaka 1974 maelfu ya wanafunzi wa sekondari walitumwa kwa wafugaji kufundisha kusoma na kuandika, na ukame mkali ulipozuka, walimu hao wakawa waokoaji. Kiswahili kilisanifishwa na kamati ya wakoloni iliyoundwa mwaka 1930. Kisomali kiliamuliwa na Wasomali wenyewe.

Hata hivyo, mkono uliotoa kalamu ndio ulioshika bunduki. Januari 1975 masheikh kumi waliopinga sheria mpya ya familia waliuawa. Vita vya Ogaden vya mwaka 1977 na 1978 viliishia kwa kushindwa, na mtawala akazidi kuzitenganisha koo ili adumu. Mwaka 1988 majeshi yake yaliushambulia kwa mabomu mji wa Hargeysa, uliokuwa mji wa raia wake mwenyewe, na maelfu wakaangamia.

Mpanda ngazi hushuka. Mwishoni mwa Januari 1991 alikimbia Muqdisho, akajaribu kujipanga upya kusini, na Aprili 1992 akaingia Kenya. Mwezi uliofuata alipelekwa Nigeria, akafia Lagos tarehe 2 Januari 1995 na kuzikwa Garbahaarreey. Watu aliowatawala nao walikuwa wamevuka mpaka uleule. Kambi ya Ifo ilifunguliwa Dadaab mwaka 1991, zikafuata Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000, nazo zikaja kufurika mara kadhaa ya idadi hiyo.

Hapo ndipo ilipo kejeli ya maisha yake. Waliofundishwa kuandika majina yao kwa x na c walipanga foleni za usajili nchini Kenya, ambako majina yaliandikwa kwa mazoea ya Kiingereza. Kuanguka kwa dola aliyoivuruga kuliwaondoa wengi katika nchi ambamo tahajia aliyoidhinisha ilikuwa na nguvu ya sheria. Utawala wake haupo tena, lakini alfabeti ile ingali hai. Kumsifu kwa alfabeti pasi na kukumbuka Hargeysa ni kuwadhulumu waliokufa; kumlaani pasi na kuitaja alfabeti ni kuwasahau wafugaji waliojifunza kwayo, kwa mara ya kwanza, kuandika majina yao kama yatamkwavyo.