Eugene Bullard, rubani mweusi ambaye nchi yake ilimkataa

Eugene Bullard alizaliwa mwaka wa 1895 mu mji wa Columbus, Georgia, kusini mwa Marekani, ambako watu weusi walikuwa wakinyanyaswa sana. Mwaka wa 1912 alijificha ndani ya meli na kuvuka bahari hadi Uskoti. Akaishi kwa mchezo wa ngumi, kisha akahamia Ufaransa.

Vita vilipoanza 1914, aliingia jeshi la kigeni la Ufaransa. Mwaka wa 1916 akaumizwa vibaya kule Verdun. Alipopata nafuu, akaomba kujifunza ndege. Mwezi wa tano 1917 akapata cheti cha urubani, na kisha akapigana na Wajerumani angani.

Marekani nayo ilipoingia vitani, ilichukua marubani wake waliokuwa upande wa Ufaransa. Bullard akaachwa, juu tu alikuwa mweusi.

Wajerumani walipovamia Ufaransa 1940, alirudi Marekani. Mjini New York akafanya kazi ya kuendesha asanseri kwenye majengo ya Rockefeller Center. Ufaransa haikumsahau: mwaka wa 1959 ilimpa nishani ya Légion d'honneur. Alifariki 1961. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha ofisa mwaka wa 1994, akiwa kaburini tangu miaka 33.