Cyprian: Askofu aliyejificha, kisha akaamua nani asamehewe

Mwaka 250, Wakristo wa Carthage, mji wa kale uliokuwa karibu na Tunis ya leo nchini Tunisia, walipewa amri moja: toa sadaka kwa miungu ya Roma, chukua cheti, nenda zako. Anayekataa ajiandae kwa jela, kunyang'anywa mali au hata kifo.

Amri ilitoka kwa Kaisari Decius. Wengi walitii harakaharaka. Wengine hawakutoa sadaka, ila waliwahonga maofisa wakapata cheti cha uongo.

Na askofu wao, Cyprian? Alikuwa amejificha.

Cyprian alikuwa mtu wa mali na msomi, mwalimu wa ufasaha wa kuzungumza. Alibatizwa ukubwani, karibu mwaka 246, akagawa mali yake kwa maskini. Miaka michache tu baadaye akawa askofu, jambo ambalo baadhi ya mapadri wa zamani hawakulipenda. Alipojificha, wakapata la kusema. Yeye alijitetea kwamba kuonekana kwake mjini kungewaletea waumini hatari zaidi, akaendelea kuongoza kwa barua.

Mateso yalipoanza kupoa, walioikana imani wakaanza kurudi. Walitaka kushiriki tena meza ya Bwana. Hapo ndipo ugomvi ulipowaka.

Waliofungwa bila kukana imani waliheshimiwa mno. Baadhi yao wakaanza kuwaandikia walioanguka barua za kuwaombea msamaha. Nyingine zilimtaja mtu mmoja pamoja na watu wake, bila majina. Wapo mapadri waliowapokea hapo hapo, bila hata kuwauliza kitu.

Kule Roma, padri Novatian akaenda upande wa pili kabisa. Kwake, Kanisa halikuwa na ruhusa ya kumrudisha aliyemkana Kristo, hata atubu namna gani. Huyo aachiwe Mungu.

Cyprian alizikataa njia zote mbili. Msamaha usio na toba aliuona kama kufunga kidonda ambacho bado kina usaha. Kufunga mlango moja kwa moja nako kulikuwa kumkatisha tamaa mtu anayelia.

Mwaka 251 maaskofu wa Afrika ya Kirumi walikutana Carthage. Walioamua kununua cheti bila kutoa sadaka wangepokewa baada ya kila mmoja kuchunguzwa peke yake. Waliotoa sadaka wangebaki katika toba, wapokewe wakiwa karibu kufa. Asiyetaka kutubu asitegemee kupokewa, hata kama anaugua.

Kumbe uamuzi huo haukuwa wa mwisho. Dalili za mateso mapya zilipoonekana, maaskofu walikutana tena na kulegeza: wote waliokuwa wakitubu tangu siku ile wapokewe sasa. Hoja yao ilikuwa nzito. Utamtakaje mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristo, huku unamnyima kikombe cha damu ya Kristo?

Kwa hiyo muda wa toba ulifupishwa, ila toba yenyewe haikufutwa. Kwa Cyprian, ukubwa wa dhambi haukuwa mpaka wa msamaha. Mpaka ulikuwa kwa mtu anayetaka kusamehewa bila kukiri kwamba amekosa. Wafuasi wa Novatian hawakukubali, wakabaki na kanisa lao kwa karne kadhaa.

Mwaka 257, chini ya Kaisari Valerian, Cyprian alipelekwa uhamishoni Curubis. Mwaka uliofuata alitaka kitu kimoja: kama ni kufa, afie Carthage, mbele ya waumini wake.

Ikawa hivyo. Tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa. Kabla ya upanga kushuka, aliwaagiza watu wake wampe mnyongaji sarafu 25 za dhahabu.