Ludwig Krapf na safari ya mashua kutoka Mombasa hadi Rasi ya Delgado

Mwanzoni mwa Februari 1850, Wajerumani wawili waliingia katika chombo kidogo cha Waswahili bandarini Mombasa, wakatweka tanga kuelekea kusini. Mmoja wao, Jakob Erhardt, alikuwa mgeni katika pwani hii, kwa maana hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja tangu afike. Mwenzake, Johann Ludwig Krapf, alikuwa ametimiza miaka arobaini mwezi uliotangulia, na alikuwa na kaburi la mkewe ng'ambo ya bandari hiyo hiyo waliyokuwa wakiiacha nyuma.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki humfahamu Krapf kwa mambo mawili: mlima Kenya, ambao aliuona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, na kamusi yake ya Kiswahili. Yote mawili ni ya kweli. Lakini mtu huyu, anayekumbukwa nchini Kenya kama msafiri wa bara, aliifahamu nchi kwanza kwa njia ya maji, na sehemu kubwa ya yale aliyoyaeleza Ulaya kuhusu eneo hili aliyapata akiwa ameketi katika vyombo vidogo, au akingoja upepo katika miji ya ufukweni.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alisomea umisionari mjini Basel, Uswisi, kisha akaingia katika utumishi wa chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Mwaka 1837 alipelekwa Ethiopia. Huko alijifunza Kiamhara na Kioromo, akakaa katika milki ya Shoa chini ya Mfalme Sahle Selassie kuanzia 1839 hadi 1842, na alipotoka kwenda Misri kumwoa Rosina Dietrich, njia ya kurudi Shoa ikafungwa. Wawili hao walijaribu kupitia Tadjoura, kisha Massawa, bila ya mafanikio. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati wakiwa safarini katika nyika ya Massawa, akafariki.

Ndipo Krapf alipowaza kuwafikia Waoromo kutoka kusini. Wazo hilo ndilo lililomleta Uswahilini, na yafaa kukumbuka kwamba hakuja kwa ajili ya Waswahili wala kwa ajili ya lugha yao. Alikuwa akitafuta mlango wa nyuma wa kuingilia Ethiopia.

Safari yenyewe nusura iishie palepale ilipoanzia. Novemba 1843 yeye na mkewe waliondoka Aden katika chombo cha Kiarabu kilichoingia maji kikiwa baharini, wakalazimika kurudi na kuokoka kwa shida. Kabla mwezi haujaisha walipanda chombo kingine. Kaskazi ikawachukua mpaka pwani ya Wasomali, na kutoka hapo kusini, hata mwishoni mwa mwaka wakafika Takaungu. Mji huo ulikuwa mikononi mwa Wamazrui, ambao miaka michache kabla walikuwa wamenyang'anywa Mombasa na Sayyid Said. Kutoka Takaungu Krapf alichukua chombo kidogo zaidi, akapitia Mombasa, na mapema Januari 1844 akaingia Zanzibar.

Sayyid Said alimpokea vyema na kumwandikia barua kwa maliwali wake wa mwambao. Barua hiyo ilimtambulisha kuwa mtu wa Mungu na kuwaagiza wamtendee wema. Ni jambo la kutafakari kwamba mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani hii alifungua milango ya bandari kwa karatasi ya mtawala Mwislamu. Krapf mwenyewe, ambaye maandishi yake yamejaa maneno makali juu ya Uislamu, hakuonekana kulitafakari sana.

Mei 1844 alihamia Mombasa pamoja na Rosina. Wote wawili walishikwa na homa. Mwezi Julai Rosina alijifungua binti, na siku chache baadaye, tarehe 13 Julai, akafariki. Mtoto naye akamfuata. Mombasa ni kisiwa, na wakati huo hapakuwa na daraja. Rosina alikuwa ameomba azikwe bara, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi lake, hivyo maiti ikavushwa na kuzikwa upande wa Nyali, ambako kaburi lipo hadi leo. Krapf aliwaandikia wakuu wake London kwamba sasa walikuwa na kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ilikuwa dalili ya kazi kuanza. Barua hiyo imesifiwa makanisani kwa zaidi ya karne moja na nusu. Msomaji wa leo anaweza kuisoma na kumwonea huruma zaidi Rosina.

Kabla ya msiba huo alikuwa tayari ameanza kazi nyingine. Juni 1844, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Bila ya wasomi wa Mombasa waliokubali kuketi naye, kamusi na sarufi zilizomletea sifa zisingaliandikwa.

Johannes Rebmann alijiunga naye mwaka 1846, na Agosti ya mwaka huo wakahamia Rabai, katika vilima vya nyuma ya Mombasa, wote wawili wakiwa na homa. Hata huko njia ilikuwa ya maji kwanza: mtu alipanda mashua kisiwani, akafuata mkono wa bahari kuelekea bara maji yakiwa yamejaa, kisha akapanda vilima kwa miguu. Kutoka Rabai, Rebmann alikwenda Uchagga na kuiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Krapf alikwenda Usambara kwa Kimweri mwaka huo huo, na mwaka uliofuata Ukambani.

Kwa hiyo alipoingia katika chombo pamoja na Erhardt, Februari 1850, alikuwa na ramani ya bara iliyoanza kujengeka kichwani mwake, nayo ilikosa upande mmoja. Aliifahamu pwani kuanzia Wasomali hadi Zanzibar. Sehemu ya kusini, hadi mahali ambapo utawala wa Sayyid ulikutana na ule wa Wareno, alikuwa akiisikia tu kwa watu. Alikusudia kurudi Ulaya mwezi Aprili ili kuwashawishi wakuu wake waunge mkono mpango wake wa kuweka mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hii hadi bahari ya magharibi. Hakutaka kuzungumzia nchi ambayo hakuiona.

Majira yaliwafaa. Februari kaskazi bado inavuma, na chombo kidogo huteremka kusini kwa tanga lililojaa. Mabaharia wa mwambao hawakupenda kwenda usiku karibu na nchi kavu. Miamba hujificha chini ya maji yanapojaa, na mlango wa bandari usioonekana ni sawa na usiokuwapo. Jioni ikikaribia hutafuta ghuba au kivuli cha kisiwa, hutia nanga, hushuka kutafuta maji na kuni, na alfajiri hung'oa nanga tena. Mwendo huo wa kusimama mara kwa mara humchosha mwenye haraka. Kwa mtu mwenye daftari, ni neema. Kila kituo ni mji mwingine na habari nyingine, na pengine neno moja linalotamkwa tofauti na lilivyotamkwa jana.

Njia yao ilipita Tanga na Pangani, ikaendelea katika pwani ambayo leo yote ni ya Tanzania: Kilwa, Lindi, Mikindani, hadi Rasi ya Delgado, ambayo leo imo Msumbiji na imeupa jina mkoa wa kaskazini wa nchi hiyo. Hapo ndipo Wareno walipohesabu mwanzo wa milki yao. Krapf na Erhardt hawakuvuka.

Kati ya vituo vyote, kilichoacha alama kubwa zaidi ni Kilwa. Kisiwa chenye magofu ya misikiti na kasri, Kilwa Kisiwani, kilikuwa kimekwisha kupoteza utukufu wake. Biashara ilikuwa imehamia Kivinje, upande wa bara, na biashara yenyewe ilikuwa watu. Misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilimalizikia hapo. Krapf aliambiwa kwamba watumwa kati ya 10,000 na 12,000 walipitia Kilwa kila mwaka. Takwimu hiyo ni ya kusimuliwa, wala haikutoka katika daftari la forodha, lakini wanahistoria waliokuja baadaye hawakuiona kuwa ya ajabu.

Hapa inafaa kueleza sheria ya wakati huo, kwa sababu bila ya hiyo mtu hawezi kuelewa Krapf alichokiona. Mwaka 1845 Sayyid Said alikuwa ametia saini mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kutoka milki yake ya Afrika kwenda Arabuni, na mkataba huo ulianza kutumika mwaka 1847. Lakini usafirishaji ndani ya milki yenyewe, kutoka Kilwa kusini hadi Lamu kaskazini, uliachwa kuwa halali. Chombo kilichojaa watu waliofungwa kiliweza kupita mchana kweupe katika maji yale yale aliyopita mmisionari, na kusimama katika bandari zile zile kutafuta maji. Krapf alichukizwa na utumwa na aliandika hivyo. Hata hivyo barua iliyomlinda, pamoja na maliwali waliompokea, vilikuwa sehemu ya utaratibu ule ule.

Habari alizozipata kuhusu ziwa kubwa la bara, na nyingine ambazo Erhardt alizikusanya baadaye alipokaa Tanga mwaka 1854, ziliingia katika ramani ambayo Erhardt na Rebmann waliitoa katikati ya muongo huo. Ramani hiyo ilionyesha bahari moja kubwa katikati ya Afrika, yenye umbo kama la mdudu, kwa sababu kila mwenye msafara, awe wa Kilwa, Bagamoyo au Tanga, alisema kwamba njia yake iliishia kwenye maji makubwa. Ilikuwa na makosa: maziwa ni matatu. Wasimulizi walisema kweli. Waliokosea ni wachoraji waliodhani kwamba maji yote ni mamoja. Kosa hilo ndilo lililowavuta Burton na Speke kuingia bara mwaka 1857.

Krapf alirudi Mombasa, na Aprili akaondoka kwenda Ulaya. Mwaka huo huo wa 1850 vitabu vyake viwili vilichapishwa Tübingen: sarufi fupi ya Kiswahili, na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Pamoja na Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo na Kioromo, orodha hiyo ina Kiyao, lugha ya watu wa njia ya Nyasa na Kilwa.

Yaliyofuata yalikuwa magumu. Alirejea mwaka 1851, akaenda tena Ukambani; mwenyeji wake, Kivoi, akauawa njiani na Krapf akakimbia peke yake nyikani, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Mwaka 1852 alisafiri kwa bahari hadi Pangani na kupanda tena kwa Kimweri, akaahidiwa mengi, lakini kituo hakikujengwa. Mwaka 1853 afya yake ilimshinda, akaondoka. Mwaka 1854 alipeleka Ujerumani, katika maktaba ya Halle, miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ukiwamo Utendi wa Tambuka. Yeye mwenyewe alipendelea Kiswahili kiandikwe kwa hati za Kilatini, kwa sehemu ili kupunguza nguvu ya Uislamu katika lugha hiyo. Mtu aliyetaka hati hizo ziachwe ndiye aliyeokoa baadhi ya maandishi yake ya kale.

Alirudi pwani mara moja tena, mwaka 1861 na 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe. Mwaka 1867 aliwafuata wanajeshi wa Uingereza Ethiopia akiwa mkalimani, lakini ugonjwa ukamrudisha. Miaka iliyobaki aliishi Korntal, mji mdogo karibu na Stuttgart. Rebmann, aliyebaki Mombasa na Rabai miaka 29 bila ya kurudi kwao, alifika huko mwaka 1875 akiwa kipofu, na akafariki mwaka uliofuata.

Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka uliofuata, akiwa hayupo. Imeegemea Kimvita, lugha ya Mombasa, wakati ambapo wengine, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, walikuwa wamekwisha kukichagua Kiunguja, na Kiunguja ndicho kilichokuja kuwa sanifu. Kwa hiyo kama kitabu cha shule haikudumu. Wanaoifungua siku hizi ni watafiti, na wengi wao hutafuta kile ambacho mtu wa bara asingeliweza kukiandika: jinsi mtepe ulivyoshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja, majina ya pepo na ya sehemu za chombo, na maneno ambayo manahodha wa Mombasa na Lamu waliyatumia wakati Krapf akiwa abiria wao.