Harry Ferguson na trekta la mkulima mdogo

Mwenye shamba la ekari tatu au nne pale Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma, akitaka kuhamisha magogo ya kuchonga nguzo, huuliza kwanza trekta lina nguvu kiasi gani. Harry Ferguson alianzia kwingine: mzigo unafungwa wapi?

Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika familia ya wakulima huko County Down, Ireland. Kazi za shamba hakuzipenda. Mwaka 1902 aliingia gereji ya kaka yake mjini Belfast, na Desemba 31, 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilimpa kazi ya kusimamia matrekta yaliyokuwa yakilima mazao ya chakula. Aliyoyaona hayakumridhisha. Plau ilikokotwa nyuma kama mkokoteni, hivyo trekta lililazimika kuwa zito ili magurudumu yasiteleze. Trekta jepesi, plau yake ikigonga kisiki, liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Yeye na fundi wake, William Sands, walihangaika miaka mingi hadi wakapata mfumo wa mikono mitatu inayoinuliwa kwa haidroli. Trekta na plau vikawa kitu kimoja, na uzito wa kazi ukakandamiza magurudumu ya nyuma.

Mwaka 1938 alikubaliana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu, bila maandishi. Matrekta yao yalianza kuuzwa mwaka 1939. Mjukuu wa Ford alipousitisha ushirikiano huo, Ferguson alikwenda mahakamani mwaka 1948, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Kilichomwokoa ni hataza zake, si ule mkono.

Mwaka 1946 trekta lake la TE20, lenye uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza. Hadi mwaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Miaka hiyohiyo, jirani zetu wa Kongwa walishuhudia mradi wa karanga wa Waingereza ukipeleka mitambo mizito kung'oa vichaka. Mizizi na udongo mgumu viliivunja, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Mwaka 1953 aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada, na ndipo lilipotoka jina la Massey Ferguson. Alifariki Oktoba 1960.

Mikono yake mitatu imebaki nyuma ya karibu kila trekta la shamba, na ndiyo inayowaponza wavuta magogo. Mnyororo ukifungwa pale juu, gogo likakwama, trekta hupinduka kinyumenyume. Ufungwe kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Tena, kununua trekta kwa kazi ya siku chache kwa mwaka ni hasara. Magogo mepesi yanatosha jozi ya maksai; kwa mazito kodi trekta, na kabla ya kuulizia bei zunguka nyuma ukione hicho chuma.