Milan Hlavsa, kijana aliyetaka kupiga muziki tu, serikali ikamfanya adui

Milan Hlavsa, mwanzilishi wa bendi ya roki The Plastic People of the Universe, aliaga dunia tarehe 5 mwezi wa kwanza mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 49. Aliuawa na kansa ya mapafu. Hakuwahi kuwa mbunge wala kuongoza chama. Lakini watu wakisimulia jinsi utawala wa kikomunisti ulivyoanguka katika nchi ya Chekoslovakia, ni vigumu kufika mwisho wa habari hiyo bila kutaja bendi yake.

Hlavsa alizaliwa Prague tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka 1951. Marafiki walimwita Mejla. Alipokuwa kijana, redio na sahani za muziki kutoka Uingereza na Marekani zilikuwa zimeanza kuingia nchini, na mjini Prague vikundi vya vijana wenye magitaa vilikuwa vingi. Mwanzoni mwa mwaka 1968, kiongozi wa chama Alexander Dubček alilegeza kamba: magazeti yakaanza kuandika kwa uhuru na watu wakaanza kusafiri. Mwandishi wa michezo ya kuigiza Václav Havel alikwenda New York mwaka huo, akarudi na sahani ya Velvet Underground, bendi ambayo hata Wamarekani wenyewe wengi hawakuijua. Sahani kama hizo zilinakiliwa kwenye kanda na kupita mkono kwa mkono.

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 mwezi wa nane, vifaru vya Urusi na washirika wake vilivuka mpaka. Majuma machache baadaye, Hlavsa, ambaye alikuwa na miaka 17, aliunda bendi yake. Jina alilitoa kwenye wimbo wa Frank Zappa. Yeye mwenyewe alipiga gitaa la besi na ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya muziki.

Muziki wenyewe haukuwa wa kila mtu. Aliyezoea rumba angeshangaa: hakuna sebene, na mtu hapati pa kuingilia kucheza. Besi ya Hlavsa inarudia noti chache tu, nzito, muda mrefu. Juu yake violini na saksofoni vinapiga kelele kama vinagombana, na sauti inasema maneno zaidi ya kuyaimba. Hlavsa alijifunza hayo kwa Velvet Underground, kwa Zappa na kwa Captain Beefheart, lakini kazi yake ilikuwa na giza lake mwenyewe. Si muziki wa kumfurahisha mtu kwa haraka. Hata hivyo waliousikia wengi hawakuusahau.

Mwaka 1969 utawala mpya wa Gustáv Husák ulianza kurudisha kila kitu chini ya mkono wa chama. Wanamuziki nao waliguswa. Ili kupiga kwa malipo, bendi ilihitaji kibali cha serikali, na ili kupata kibali ilibidi kukata nywele, kuacha majina ya Kiingereza na kupiga nyimbo zisizosumbua mtu. Bendi nyingi zilikubali. The Plastic People walikataa, na mwaka 1970 wakanyang'anywa kibali. Vyombo vilivyokuwa mali ya serikali vilichukuliwa. Wanabendi walikwenda kukata miti msituni ili wapate pesa za kununua vingine, na mpiga gitaa Josef Janíček, fundi kwa asili, akaunganisha vipaza sauti kutokana na redio za zamani.

Ni vizuri kuelewa jambo hili, kwa sababu mara nyingi linasimuliwa vibaya. Hlavsa hakuanza bendi ili kupinga serikali. Nyimbo zao hazikumtukana kiongozi yeyote. Katika miaka ya kwanza waliimba hata kwa Kiingereza, lugha ambayo wasikilizaji wengi hawakuifahamu, na Mkanada Paul Wilson, aliyekuwa akifundisha Kiingereza Prague, aliimba nao kwa muda. Hlavsa alitaka kupiga anachopenda, na walio tayari kumsikiliza wamsikilize. Basi. Kwa serikali iliyotaka kujua kila kitu, hilo lilitosha kuwa kosa.

Watu wawili walibadilisha njia ya bendi. Wa kwanza ni Ivan Jirous, mtaalamu wa historia ya sanaa, mtu wa maneno makali na pombe nyingi. Alikuwa mwanachama wa chama cha wasanii, na kwa kadi hiyo aliomba kumbi ili kutoa mafundisho juu ya mchoraji Andy Warhol. Alionyesha picha chache, akazungumza kidogo, kisha bendi ikapiga kwa muda mrefu kama mfano. Ujanja huo ulipogunduliwa, alipata mwingine: harusi. Kupiga muziki kwenye harusi hakukuhitaji kibali, basi kila rafiki alipooa, palikuwa na tamasha. Wa pili ni mpiga saksofoni Vratislav Brabenec, ambaye alikubali kuingia kwa sharti kwamba bendi iache nyimbo za wengine na iimbe Kicheki. Hlavsa akaanza kuyatia muziki mashairi ya Egon Bondy, mshairi aliyepigwa marufuku. Kuanzia hapo wasikilizaji walielewa kila neno. Polisi pia.

Mwezi wa tatu mwaka 1974, mamia ya vijana walikwenda karibu na mji wa České Budějovice kusikiliza tamasha. Polisi walikuwa wakiwangoja. Vijana walipigwa marungu na kurudishwa kwa treni. Wengine walifukuzwa shuleni baadaye. Tangu siku hiyo mahali pa tamasha palitajwa kwa kunong'onezana tu. Mashabiki walishuka kwenye stesheni ndogo za kijijini na kutembea kwa miguu kwenye theluji hadi kwenye nyumba au ghala, bila kujua kama watakuta bendi au askari.

Tarehe 21 mwezi wa pili mwaka 1976 Jirous mwenyewe alioa, kijijini Bojanovice, na bendi kadhaa zilipiga. Mwezi uliofuata polisi walikamata zaidi ya watu 20. Hlavsa alikuwa mmoja wao. Aliwekwa ndani, lakini hakuwa kati ya wale wanne waliosimamishwa mahakamani Prague mwezi wa tisa. Jirous alipata miezi 18, Pavel Zajíček wa bendi ya DG 307 alipata 12, Brabenec na mwimbaji Svatopluk Karásek wakapata minane kila mmoja. Kosa lililoandikwa lilikuwa fujo. Magazeti ya serikali yaliwaeleza wananchi kwamba hao ni walevi na wahuni wenye lugha chafu.

Hapo ndipo serikali ilipokosea hesabu. Havel alikuwa amekutana na Jirous muda mfupi kabla ya kukamatwa kwake na kusikiliza kanda za bendi. Yeye na rafiki zake, wasomi waliokuwa na ugomvi wao na chama kwa miaka, waliona kwamba vijana hawa hawakuwa wanasiasa waliojua hatari waliyoingia. Walikuwa watu wa kawaida walioadhibiwa kwa kuishi walivyotaka, na mtu wa namna hiyo akifungwa, hakuna raia aliye salama. Havel alifuata kesi hiyo na kuandika juu yake. Watu ambao awali hawakuelewana, wakomunisti waliofukuzwa chamani, Wakristo, wanafalsafa na vijana wa nywele ndefu, wakaanza kukutana. Mwezi wa kwanza mwaka 1977 walitoa tangazo la Charta 77, lenye sahihi zaidi ya 240, wakiitaka serikali iheshimu mikataba ya haki za binadamu ambayo yenyewe ilikuwa imetia sahihi. Wengi walilipa. Mwanafalsafa Jan Patočka alikufa mwezi wa tatu mwaka huo baada ya kuhojiwa na polisi kwa saa nyingi. Havel naye baadaye alifungwa kwa miaka.

Hlavsa aliendelea kutunga. Alioa binti wa Jiří Němec na Dana Němcová, wanasaikolojia waliotia sahihi tangazo lile. Mwaka 1978 bendi ilirekodi kazi yake juu ya mateso ya Yesu katika nyumba ya Havel kijijini Hrádeček, na mwaka huohuo kanda zao za awali zikatolewa kama albamu Ulaya Magharibi. Mwaka 1981 nyumba iliyotumika kwa tamasha lao iliteketea kwa moto, na wengi waliwashuku polisi wa siri. Mwaka uliofuata Brabenec alihamia Kanada.

Mwisho wa bendi haukuwa wa kishujaa. Karibu na mwaka 1988, wakubwa walikuwa tayari kuiacha ipige hadharani, ila bila jina lake kamili. Hlavsa alikuwa amechoka kupiga maghalani, na alitaka kupiga mbele ya watu. Wengine waliona ni kusalimu amri. Baada ya miaka 20 ya kuwindwa, bendi ilivunjwa na mabishano ya wenyewe kwa wenyewe. Hlavsa na baadhi ya wenzake waliunda Půlnoc, yaani usiku wa manane, na mwaka 1989 walipiga Marekani. Kabla mwaka huo haujaisha, chama kilikuwa kimeachia madaraka na Havel amekuwa rais.

Mwaka 1990 Lou Reed, aliyekuwa kiongozi wa Velvet Underground, alifika Prague kuonana na rais mpya. Jioni alipelekwa kwenye klabu, akakuta Hlavsa na wenzake wakipiga nyimbo zake za zamani, kila noti mahali pake. Alipanda jukwaani akapiga nao. Mwaka 1997, kwa ombi la Havel, The Plastic People waliungana tena na kupiga katika ngome ya Prague, makao ya rais, kuadhimisha miaka 20 ya Charta 77. Mwezi wa tisa mwaka 1998, katika White House mjini Washington, Rais Bill Clinton alimwandalia Havel karamu, na Lou Reed alipoimba, aliyesimama naye na gitaa la besi alikuwa Hlavsa.

Baada ya kifo chake bendi haikufungwa. Nafasi yake kwenye besi ilichukuliwa na mwanamke, Eva Turnová. Mwaka 2006, mjini London, Tom Stoppard, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyezaliwa Chekoslovakia, alionyesha mchezo ambao ndani yake kijana wa Prague anafuata habari za bendi hiyo miaka na miaka. Nyimbo ambazo Hlavsa alizitunga kwa ajili ya maghala na harusi za vijijini leo zinauzwa madukani mjini Prague, zikiwa na jina kamili la bendi.