Abu Rayhan al-Biruni na Suala la Uzito wa Mbingu

Katika wanavyuoni wa falaki waliotangaa majina, Abu Rayhan al-Biruni ni mmoja ambaye mara nyingi husifiwa kwa sifa asiyoihitaji. Wako wasemao kwamba yeye ndiye aliyeivumbua kanuni ya mvutano kabla ya Newton. Hayo si kweli, wala heshima ya mtu huyu haisimami juu ya hayo. Sisi twapenda kuzieleza khabari zake kama zilivyo, ili ijulikane ni jambo gani hasa alilolifanya katika ilimu ya mbingu na nyota.

Alizaliwa mwaka 362 wa Hijra, sawa na 973 wa Miladi, karibu na mji wa Kath katika nchi ya Khwarizm, kusini ya bahari ya Aral. Alisomeshwa hisabati na falaki na Abu Nasr Mansur bin Iraq, aliyekuwa wa ukoo uliotawala nchi hiyo. Mwaka 995 ukoo huo ukapinduliwa, na Biruni ikambidi akimbie. Lakini mwaka 997 alikuwa Kath tena, na huko akaangalia kupatwa kwa mwezi, na usiku ule ule Abu al-Wafa akaangalia Baghdad kwa mapatano yao. Kwa kulinganisha saa zao, walijua umbali wa miji ile miwili kwa upande wa mashariki na magharibi.

Alipokuwa bado kijana, alimwandikia Ibn Sina, aliyekuwa mdogo kuliko yeye kwa umri, maswali 18. Kumi katika hayo yalihusu kitabu cha Aristotle juu ya mbingu. Zama zile wenye ilimu wengi walishika kwamba vitu vizito kwa tabia yao hushuka kwenye kati ya ulimwengu, na vyepesi hupanda. Ama mbingu, kwa kuwa mwendo wake ni wa kuzunguka tu, hazina uzito wala wepesi. Biruni akauliza: dalili ya neno hili ni ipi? Kwani akili haikatai kuzidhania mbingu kuwa na uzito, nazo zisianguke.

Akauliza tena juu ya umbo lake. Aristotle alisema kwamba lau mbingu zingekuwa na umbo la yai au la dengu, zingehitaji mahali patupu ili zizunguke. Biruni akaonyesha kwamba si lazima. Yai likizungushwa juu ya mhimili wake mrefu, na dengu juu ya mhimili wake mfupi, havitoki mahali pake, wala hapahitajiwi patupu. Na tuzingatie kwamba yeye mwenyewe aliitakidi kuwa mbingu ni mviringo kamili. Alilikubali neno, na hoja yake akaikataa kwa kuwa ni dhaifu. Ibn Sina alijibu akimtetea Aristotle. Biruni hakutosheka akarudisha, na mara ya pili aliyejibu ni al-Ma'sumi, mwanafunzi wa Ibn Sina.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliishika Khwarizm, na Biruni akachukuliwa pamoja na wanavyuoni wengine mpaka Ghazna, katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Hakwenda kwa hiari yake, lakini hakuacha kazi. Alijifunza lugha ya Kisanskriti, na mwaka 1030 hivi akamaliza kitabu chake juu ya Bara Hindi. Humo alinakili kwa insafu maneno ya wanavyuoni wa huko, kama Brahmagupta, ambao walisema kwamba ardhi kwa tabia yake huvivuta vitu vizito kutoka pande zake zote. Akataja pia rai ya wasemao kuwa ardhi ndiyo izungukayo, akaeleza kwamba hesabu za falaki haziharibiki kwa rai hiyo. Yeye mwenyewe alibaki na rai ya kuwa ardhi imetulia. Lakini hakuwadhihaki walioona vingine.

Na katika ngome ya Nandana, huko Punjab, alipima urefu wa jabali, kisha akapanda juu akapima jinsi upeo wa macho ulivyoinama, akapata dakika 34 za digrii. Kwa vipimo hivyo viwili akahesabu ukubwa wa ardhi. Kabla yake, watu wa Khalifa al-Ma'mun walilazimika kutembea mwendo mrefu jangwani wakipima kwa kamba.

Baada yake zilipita karne nyingi. Mwaka 1543 Copernicus aliliweka jua katikati. Mwaka 1609 Kepler alibainisha kwamba njia za sayari ni za duaradufu. Na mwaka 1687 Newton alithibitisha kwa hesabu kwamba nguvu iliangushayo jiwe ndiyo iuzuiayo mwezi usiiache ardhi. Hivyo ikajulikana kwamba vilivyoko mbinguni navyo vina uzito. Hatusemi kwamba hao waliyachukua hayo kwa Biruni. Tusemalo ni kwamba yeye aliliuliza swali hilo katika zama ambazo wengi waliona halina haja ya kuulizwa.

Alifariki Ghazna mwaka 440 wa Hijra, yaani 1048. Yaqut amesimulia kwamba rafiki yake mmoja, faqihi, aliingia kumzuru naye yu katika kukata roho. Biruni akamwuliza mas-ala ya mirathi ya nyanya wa upande wa mama. Yule faqihi akamwonea huruma, akastaajabu kuulizwa katika hali ile. Biruni akamjibu kwamba kuiaga dunia naye anayajua ni bora kuliko kuiaga naye hayajui. Basi akamweleza, na Biruni akayarudia mpaka akayahifadhi. Faqihi akatoka, na angali njiani akasikia kilio kutoka nyumba ile.