Habari za Martin Kayamba wa Tanga

Mtu akitoka Bagamoyo akafuata pwani kwenda kaskazini, hupita Saadani na Pangani hata afike Tanga. Watu wa miji hiyo walizoea tangu zamani kupokea amri za wageni: kwanza maliwali wa Sultani wa Unguja, halafu Wadachi na maakida wao, na baada ya vita iliyoanza mwaka 1914 wakaja Waingereza. Kila utawala ulihitaji watu wa kuandika na kufasiri. Makarani hao na wakalimani walijua mambo mengi, maana barua zilipita mikononi mwao. Lakini shauri lilipokatwa, wao walikuwa nje ya mlango. Martin Kayamba alikuwa mmoja wao, naye alifika mahali ambapo karani wa pwani hakutazamiwa kufika.

Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Kwa upande wa baba yake asili yake ilikuwa Bonde, katika ukoo wa Wakilindi, ambao Kimweri aliyetawala Usambara alikuwa mkubwa wao. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alifundishwa na misheni, akapelekwa Uingereza kusoma, na aliporudi akawa mwalimu. Basi Martin alikulia katika nyumba yenye vitabu, jambo ambalo siku zile lilikuwa nadra sana. Alisoma Kiungani, chuo kikubwa cha misheni katika Unguja, ambako vijana wa makabila mengi waliishi pamoja na kula sahani moja. Hapo alijifunza Kiingereza vizuri sana, na tutaona baadaye jinsi jambo hili lilivyokuwa na maana.

Alipotoka chuoni hakutulia mahali pamoja. Alifanya kazi ya ukarani katika Kenya na Uganda, akajaribu biashara, na vita ilipotokea mwaka 1914 alikuwa katika nchi ya Wadachi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa Unguja, nchi iliyokuwa chini ya Waingereza, Wadachi walimhesabu kuwa adui wakamfunga. Walimu wengi wa misheni waliotoka Bonde walifungwa vile vile, wakashukiwa kuwa wapelelezi, nao walipata taabu nyingi. Kayamba aliletwa mpaka Tabora, akakaa kifungoni hata Septemba mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji ule na wafungwa wakafunguliwa. Mwaka uliofuata alikuwa Tanga, mkalimani katika ofisi ya Waingereza.

Katika ofisi zile kazi kubwa zilishikwa na Wazungu, na kazi za ukarani za mshahara mzuri zilishikwa zaidi na Wahindi. Mwafrika alitazamiwa kuchukua barua, au kufasiri barazani. Kayamba alipanda ngazi moja moja, hata akawa karani mkuu wa ofisi ya Tanga. Lakini hakuridhika na cheo chake peke yake. Mwaka 1922 aliwakusanya wenzake wakaunda chama, Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika. Walikuwa na nyumba ya kukutania, wakasoma magazeti, wakacheza mpira, wakafundishana. Mtu wa siku hizi akisikia habari hizo huenda akacheka, akaona ni mchezo tu. Wala haukuwa mchezo. Wakristo na Waislamu, Wabondei na Waswahili na watu wa bara, waliketi chumba kimoja na kushauriana mambo yao kwa jina la Waafrika, si kwa jina la kabila. Kabla ya hapo jambo hilo lilikuwa halijaonekana sana katika Tanganyika. Mwaka 1929 makarani na walimu wa Dar es Salaam walianzisha African Association, nacho ndicho chama ambacho mwaka 1954 kiligeuzwa kuwa TANU.

Sasa yapasa kueleza habari ya Baraza la Kutunga Sheria. Gavana Sir Donald Cameron alilianzisha mwaka 1926. Waliokuwamo walikuwa wakubwa wa Serikali, na pamoja nao watu saba wasio wa Serikali, Wazungu watano na Wahindi wawili. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Sababu aliyoitoa Gavana ni kwamba hapakuwa na Mwafrika ajuaye Kiingereza cha kutosha kujadiliana katika Baraza. Na kwamba mambo ya Waafrika yatasemwa na Gavana mwenyewe na maofisa wake. Wakati huo huo, katika Tanga, Kayamba alikuwa akiendesha kazi ya ofisi kwa Kiingereza kutwa kucha. Haiwezekani kuamini kwamba Serikali haikumjua. Walimjua, wakamthamini, lakini walitaka mashauri ya Waafrika yapite kwa machifu, wala karani asiye na kiti cha uchifu hakuwa na mahali katika mpango huo.

Likatokea jambo kubwa. Walowezi wa Kenya, na wengine katika Uingereza, walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja. Waafrika wa Tanganyika waliogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi. Kenya walowezi walikuwa wamepewa nyanda nzuri za juu, na mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande shingoni. Watu wa Tanga walijua wenyewe maana ya kupoteza ardhi, maana tangu siku za Wadachi mashamba ya katani yalikuwa yamekula sehemu kubwa ya Bonde na nchi ya chini ya Usambara. Kama Nairobi ingekuwa kichwa, nani angezuia mambo hayo yasienee zaidi?

Bunge la Uingereza liliweka kamati ya wajumbe wa nyumba zake mbili kulichunguza shauri hili, nayo mwaka 1931 ikataka kuwasikia Waafrika wenyewe. Kutoka Tanganyika walipelekwa watu watatu: Chifu Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga. Hawakupigiwa kura na watu. Serikali ndiyo iliyowapeleka, na jambo hili halifai kufichwa. Tena, kati ya hao watatu, Kayamba peke yake ndiye aliyetoka pwani. Kutoka Kenya walikwenda Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua, na katika wajumbe wa Uganda alikuwamo Serwano Kulubya wa Buganda.

Wakavuka bahari mpaka London, wakaketi mbele ya mabwana wale, wakaulizwa maswali. Tufikiri hali yake Kayamba. Alikuwa mtumishi wa Serikali, mshahara wake ulitoka mikononi mwa Waingereza, na waliomhoji walikuwa wakubwa wa wakubwa wake. Neno baya lingeweza kumharibia kazi, na neno la woga lingeweza kuharibu nchi. Aliyoyasema yalikuwa ya adabu na ya kupima, kama ilivyokuwa tabia yake, lakini hayakuwa na mashaka: Waafrika wa Tanganyika hawakutaka kuunganishwa na Kenya, nao walihofia ardhi yao. Wenzake nao hawakuutaka muungano. Mwaka ule ule kamati ilitoa hukumu yake, kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizo haujafika. Zilikuwapo sababu nyingine, na gharama ilikuwa mojawapo. Hata hivyo maneno ya Waafrika yalikuwa yamesikiwa na kuandikwa katika kitabu cha Bunge, na hayo hayakuwahi kutokea kwa watu wa Tanganyika.

Aliporudi aliandika kwa Kiswahili kitabu cha safari hiyo, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichopigwa chapa mwaka 1932. Mwaka huo huo Serikali ilimhamishia Dar es Salaam, katika ofisi kuu, akapewa cheo ambacho Mwafrika alikuwa hajapata kukishika. Mfalme wa Uingereza alimpa nishani ya M.B.E. Lakini hapo ndipo nguvu yake ilipopungua. Katika Tanga alikuwa na chama na watu nyuma yake. Katika ofisi kuu alikuwa na meza. Mtumishi wa Serikali hakuruhusiwa kuipinga Serikali mbele ya watu, naye kwa tabia alipenda mambo yaende polepole, akaamini kwamba elimu itafungua milango ambayo vijana walitaka kuisukuma. Wako waliomlaumu kwa hayo, na lawama yao haikuwa bure. Tena ni haki kusema kwamba mlango wenyewe ulifungwa kwa upande wa ndani, wala funguo hazikuwa mikononi mwake.

Alistaafu akarudi katika nchi ya baba zake karibu na Muheza, wala hakuishi siku nyingi baada ya hapo. Kitabu chake kingine, alichokiandika kwa Kiingereza juu ya mashaka ya Waafrika, kilitolewa mwaka 1948, mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Mwaka 1945 Waafrika wawili waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, miaka kumi na tisa tangu lilipoanzishwa. Wote wawili walikuwa machifu. Mmoja alikuwa Abdiel Shangali wa Machame. Wa pili alikuwa kijana aliyesoma Makerere, Kidaha Makwaia wa Shinyanga, mwana wa Makwaia yule aliyesafiri na Kayamba kwenda London.